Mzazi, andika majina nyuma ya picha kabla hujachelewa

Wiki chache zilizopita mwanangu anayesoma darasa la tano alifungua sanduku la bati la marehemu bibi yangu, hapa Biharamulo. Chini ya kanga na kadi za kliniki alikuta picha tisa za rangi nyeusi na nyeupe.

Alizipanga mkekani akaanza kuuliza. "Baba, huyu nani?" Ya kwanza nilijibu. Ya pili nikababaisha. Ya tatu, mama kijana aliyesimama mbele ya pazia la studio na mtoto mgongoni, nilinyamaza. Niligeuza nyuma, hakuna hata herufi moja.

"Kwa hiyo hakuna anayemjua tena?" akauliza.

Swali lile lilinikumbusha kitabu cha zamani sana ambacho mzazi yeyote mwenye simu na bando anaweza kukionja, kwa kuwa maktaba kubwa za nje zimekiweka mtandaoni. Nakala zake za karatasi ni adimu, hasa albamu yake kubwa ya picha.

Kitabu hicho ni cha Charles Guillain, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa. Kati ya mwaka 1846 na 1848 serikali yake ilimtuma kuchunguza pwani ya Afrika Mashariki kwa meli ya matanga yenye milingoti miwili, iliyoitwa Ducouëdic. Mwaka 1844 Ufaransa ilikuwa imetiliana mkataba wa biashara na Seyyid Said wa Unguja, na sasa ilitaka kujua bandari zipi zina mali gani, nani anatawala wapi, na nani anauza nini.

Guillain aliandika majuzuu matatu kuhusu historia, jiografia na biashara ya pwani yetu, yakachapishwa Paris katika miaka ya 1850. Pamoja nayo ilitoka albamu yenye picha za miji kama Unguja, Mombasa na Mogadishu, na za watu wa huko.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba msafara ule ulikuwa na kamera. Upigaji picha ulitangazwa rasmi Paris mwaka 1839, kwa hiyo chombo kile kilikuwa bado kipya hata Ulaya. Picha ilitokea kwenye sahani ya shaba iliyopakwa madini ya fedha na kusafishwa kwa mvuke wa zebaki. Anayepigwa alipaswa kutulia kwa sekunde nyingi bila kutikisika. Mzazi aliyewahi kumpiga picha mtoto wa miaka miwili anajua ugumu wa jambo hilo!

Sahani ile haikuweza kutoa nakala. Ili picha iingie kitabuni, msanii aliichora upya juu ya jiwe laini, likapakwa wino, kisha karatasi ikakandamizwa juu yake. Ndiyo maana tukiitazama leo tunaona mchoro, ingawa nyuma ya baadhi ya michoro hiyo alikuwapo mtu halisi aliyeketi mbele ya kamera takriban miaka 180 iliyopita.

Mtu huyo alikuwa nani? Hapo ndipo lilipo tatizo kama la sanduku la bibi. Wengi wa waliochorwa katika vitabu vya safari vya zama zile wametambulishwa kwa kabila, kazi au mji wao tu. Mavazi, shanga na msuko wa nywele tunaviona vizuri, lakini hatujui mama yake alimwitaje. Na Unguja ya wakati huo ilikuwa na maelfu ya watu waliotolewa bara kwa nguvu na kuuzwa. Wajukuu wa watu hao hawana pa kuanzia kuwatafuta.

Guillain hakufika huku kwetu. Lakini njia za biashara alizozichunguza pwani zilikuwa zikiingia bara. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, nchi iliyo katika eneo la Biharamulo ya leo, wakielekea Karagwe. Mtawala wa Usui, ambaye Speke anamwandika kwa jina la Suwarora, aliwatoza hongo ya vitambaa, shanga na waya, bidhaa zilizokuwa zimebebwa mabegani kutoka pwani.

Grant alikuwa amejaribu kupiga picha kwa kamera Unguja, lakini kazi ile ilimshinda kwa joto na usumbufu wake, akarudia kuchora kwa mkono. Ndiyo sababu kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kina michoro, na wengi wa watu wa kawaida waliobeba ile mizigo hawana sura wala jina humo.

Wenzetu wa Ngara wanajua zaidi thamani ya sura na jina. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi. Katika msukosuko ule wa ukanda mzima, watoto wengi walipotezana na wazazi wao, na baadhi walikuwa wadogo mno kuweza kutaja jina la baba au kijiji. Mashirika ya misaada yaliwapiga picha na kuzibandika mbaoni ili wazazi wapite wakitafuta. Picha iliweza kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu alikuwapo mtu hai wa kusema, "Huyu ni wangu."

Mtu huyo hai ndiye anayetutoka kila mwaka. Simu zetu zina picha elfu moja moja, na wazee wanaoweza kutaja majina wanapungua.

Basi, mzazi, fanya haya likizo hii:

Kwanza, mpeleke mtoto kwa babu na bibi akiwa na picha za zamani. Aulize yeye. Wazee humjibu mjukuu kwa uvumilivu kuliko wanavyotujibu sisi.

Pili, nyuma ya kila picha andika kwa penseli laini jina, mahali na mwaka. Kalamu ya wino hupenya na kuharibu.

Tatu, ipige picha kwa simu mbele na nyuma, umtumie angalau ndugu mmoja aliye mbali. Simu ikiibiwa, jina litabaki.

Nne, kama mzee anasimulia kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi, mrekodi katika lugha hiyo hiyo. Tafsiri itafuata.

Mimi nilichelewa kwa bibi, lakini shangazi yangu wa Nyakahura yupo. Jumamosi mwanangu alimpelekea zile picha. Alipofika kwa yule mama wa studio, shangazi aliishika muda mrefu, kisha akataja jina. Alikuwa mdogo wake bibi, aliyefariki akijifungua. Mtoto mgongoni ni shangazi mwenyewe.

Mwanangu aliomba penseli.