Dhahabu ya Jamhuri Changa

Jamhuri zilizojikomboa huko Amerika ya Kusini katika karne ya 19 zilipiga chapa sarafu za dhahabu kuutangaza uhuru wao. Uganda nayo, ikiwa jamhuri ya miaka 2 tu, ilitoa zake mwaka 1969 kuadhimisha ziara ya Papa Paulo wa Sita, ambaye katika safari hiyo alimweka wakfu John Baptist Kakubi, Askofu wa Mbarara.

Sarafu hizo hazikuwa za kununulia chumvi. Zilikuwa za shilingi 50, 100, 500 na 1000. Ile kubwa ina uzito wa gramu 138 hivi, sehemu 9 katika 10 zikiwa dhahabu. Mwaka 1987, shilingi 100 za zamani zilipogeuzwa kuwa 1 mpya, shilingi 1000 zikawa 10 tu kwa hesabu ya karatasi. Dhahabu haikupungua hata chembe.

Si ajabu basi mkimbizi aliyefika Nakivale na mali yake katika pindo la nguo kuamini pete kuliko noti. Lakini askari anayeuziwa “sarafu ya Papa” kwa akiba ya nyumbani yafaa atafute mizani kwanza: shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, ukubwa ukiwa ule ule, huwa na takriban nusu tu ya uzito huo.