Watu wa Nyundo Wakifika Kijijini



Majuzi tulipata wageni watatu hapa ofisini Kariobangi. Ni wajumbe wa kikundi cha kujisaidia kutoka upande wa Kakamega, na walikuja na swali zito. Wanaume wawili walifika kijijini kwao na nyundo na mifuko, wakavunja vipande vya mawe kando ya mto, wakaandika namba juu ya kila kipande, wakaenda zao. Jioni hiyohiyo kijiji kikagawanyika. Wengine walisema eti dhahabu imepatikana. Wengine wakasema, hapana, tunafukuzwa. Kabla ya wiki kwisha broka mmoja alikuwa amenunua robo ekari ya mama mjane kwa bei ya kutupa.

Wageni waliuliza: wale watu ni akina nani, na wana haki gani ya kuvunja mawe yetu? Tumeona tujibu hapa gazetini, maana wengi wetu tunaoishi Kariobangi tuna shamba nyumbani, na habari kama hizi zinatufikia kwa simu zikiwa zimeongezwa chumvi.

Karibu kila nchi ina ofisi ya serikali ambayo kazi yake ni kusoma mawe, udongo na maji yaliyo chini. Huitwa ofisi ya uchunguzi wa jiolojia. Watu wake hutembea kwa miguu, hukusanya vipande vya mawe, huvipima katika maabara, halafu huchora ramani na kuandika ripoti. Ofisi hiyo si kampuni ya kuchimba. Kazi yake ni kujua, na ujuzi huo ni mali ya umma.

Uganda ilianzisha ofisi yake mwaka 1919 kule Entebbe, chini ya E. J. Wayland. Tanganyika ikafuata mwaka 1925, na ofisi ikakaa Dodoma. Kenya ilichelewa, na namna ilivyoanza ndiyo inayofanya wazee wa Kakamega wasiwe na imani na mtu wa nyundo mpaka leo.

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aliona dhahabu karibu na Kakamega. Wazungu wakamiminika na mahema yao. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilimleta Sir Albert Kitson, aliyewahi kuongoza ofisi ya jiolojia ya Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aje apime kama dhahabu ni ya kweli. Mwaka 1933 ikaundwa idara ya madini na jiolojia ya Kenya. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini tazameni lililotokea katikati. Mwaka 1930 sheria ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ni yao daima, na kwamba kipande kikichukuliwa, baraza la wenyeji litaulizwa kwanza na watapewa kipande kingine cha thamani ileile. Desemba 1932, dhahabu ikiwa imeshaonekana, sheria hiyo ikabadilishwa. Kwa ajili ya uchimbaji, hakukuwa tena na lazima ya kuuliza baraza wala ya kurudisha ardhi kwa ardhi. Miongoni mwa waliopiga kelele alikuwa Arkidikoni W. E. Owen wa Kanisa la Anglikana. Na dhahabu yenyewe haikudumu. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952.

Kwa hiyo wazee wakiona nyundo wanakumbuka ardhi. Hatuwezi kuwacheka. Ila kwa maoni yetu kosa halikuwa kupima mawe. Kosa ni kwamba upande mmoja ulijua yaliyomo chini na upande wa pili haukuambiwa, halafu ule uliojua ndio uliotunga sheria.

Jambo hilo halikuishia kwa Mkoloni. Kule Kwale kuna kilima cha Mrima, chenye msitu wa kaya. Wanajiolojia wa serikali walikichunguza tangu miaka ya 1950, wakaandika kwamba kina niobiamu, madini ya kutia nguvu chuma. Ripoti zikawekwa. Mwaka 2013 kampuni moja ilitangaza kwamba kilima hicho kina madini adimu ya mabilioni ya dola, na mwaka huohuo serikali ikafuta leseni yake. Ni wenyeji wangapi waliojua kwamba kilima chao kilikuwa kimeandikwa kwenye vitabu zaidi ya miaka hamsini?

Sasa tuseme pia kile ambacho ramani haiwezi. Ramani nyingi za zamani za jiolojia ya Kenya zimechorwa kwa kipimo cha 1 kwa 125,000. Maana yake sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita moja na robo ardhini. Shamba lako la ekari mbili halionekani hata kwa nukta! Ramani itakuonyesha aina ya mawe ya eneo lenu. Haitasema kuna dhahabu chini ya mgomba wako. Miaka ya karibuni serikali imepima nchi kwa ndege zenye vyombo, lakini ndege huonyesha tu mahali pa kwenda kutazama. Lazima mtu aende na nyundo, na baadaye mashine ya kutoboa. Turkana walijifunza kwa uchungu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Lotikipi kuna ziwa kubwa la maji chini ya ardhi, watu wakashangilia. Visima vya majaribio vilipochimbwa baadaye, maji yalikuwa na chumvi nyingi mno, hayanyweki.

Na hapa ndipo vikundi vyetu vinapoumia zaidi, kuliko kwenye dhahabu. Kikundi kinafanya harambee miaka mitatu, kinaleta mashine, kinachimba kisima kirefu, halafu maji yanatoka ya kuharibu meno ya watoto. Katika mawe ya volkano, kama haya ya Nairobi na ya Bonde la Ufa, maji ya chini mara nyingi huwa na floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Basi kabla ya mhazini kutoa hata shilingi ya mashine, mwiteni mtaalamu wa maji ya ardhini apime, na muulize visima vya jirani vilitoa maji gani. Gharama ya kupima ni ndogo kuliko ya shimo la bure.

Turudi kwa wageni wetu. Mtu wa nyundo akija, aulizwe kwa heshima: umetumwa na nani, barua iko wapi, chifu anajua? Ofisa wa serikali atakuwa na kitambulisho. Kama ni wa kampuni, awe na leseni ya kutafuta madini. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema leseni haitolewi juu ya ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya mwenye ardhi, na ardhi ya jamii ina idhini yake. Tusidanganyane, sheria hiyohiyo inaipa serikali njia ya kutwaa ardhi ikiona idhini imezuiwa bila sababu ya haki. Lakini kuulizwa ni lazima. Madini yenyewe, kwa Katiba ya mwaka 2010, si ya mwenye shamba. Ni ya umma. Yakichimbwa, mrabaha hugawanywa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali hapo. Asilimia hizo kumi zilichelewa kufika kwa miaka mingi, kwa hiyo msikope kwa ajili yake.

Tuliwashauri wale wageni waandike barua kwa idara ya jiolojia kuuliza ni nani aliyetumwa kwao na nini kimeandikwa juu ya eneo lao. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Barua waliiandika hapahapa mezani petu, katibu wao akiwa na kalamu na sisi tukitaja maneno. Wamebaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Yule mama mjane hakuwa amepiga kidole gumba kwenye fomu za Bodi ya Ardhi, kwa hiyo wanakikundi wamempeleka kwa chifu kusimamisha mauzo. Jibu la barua likifika tutalichapa hapa.