Je, Wajua? Kucha Zinavyoingia Saluni za Kampala

Je, wajua kwamba saluni inaweza kupata huduma ya kucha bila mwenyewe kununua hata chupa moja ya rangi? Kampala jambo hili ni la kawaida, na chanzo chake ni nywele. Mteja anayesukwa rasta ndogondogo kule Wandegeya hukaa kitini saa nne, tano, pengine sita, na muda wote huo mikono na miguu yake haina kazi. Vijana wanaotembeza rangi za kucha wanalijua hilo vizuri. Wengi ni wanaume, na kila mmoja ana kikapu chake: chupa za rangi, tupa, pamba, asetoni. Anachungulia mlangoni, "Nnyabo (mama), tukupake?" Msusi hajamaliza mstari wa pili, na miguu ya mteja tayari iko ndani ya beseni la maji ya sabuni.

Mwenye saluni mwenye akili hamfukuzi. Anampa kona, meza na kiti, kisha wanapatana: kodi ya wiki, au kugawana mapato ya kila kichwa, yaani ya kila mkono. Kijana naye anapata pa kujificha jua na askari wa jiji, maana wachuuzi wa Kampala hawakai barabarani kwa amani; Januari 2022 mamlaka ya jiji, KCCA, iliwaamuru waondoke. Kwa maoni yangu mpango huu unashinda ule wa kukopa fedha ili kujaza meza mashine kabla mteja wa kwanza hajaketi.

Rangi yenyewe ni ndugu wa rangi ya magari. Zote mbili zilijengwa juu ya nitroselulosi, pamba iliyopitishwa kwenye asidi, ambayo kwa sura nyingine ni baruti. Kampuni ya Revlon ilianzishwa Marekani mwaka 1932 kwa bidhaa hiyo moja tu, rangi ya kucha. Kucha za akriliki nazo zilitoka kwa daktari wa meno: mwaka 1954 Fred Slack wa Philadelphia alivunja ukucha akiwa kazini, akauziba kwa dawa alizokuwa nazo za kutengenezea meno ya bandia.

Bidhaa zenye ukoo huo, pamoja na asetoni ya kuzifutia, huwaka upesi, hivyo mwenye saluni anapaswa kuangalia chumba chake upya. Rasta za nyuzi humalizwa vipi? Ncha huchomwa kwa kiberiti cha gesi zisifumuke. Sasa weka meza ya kucha hatua mbili kutoka hapo, na chupa ya asetoni iliyo wazi. Mvuke wa asetoni huanza kuwaka hata kwenye ubaridi wa nyuzi 20 chini ya sifuri, sembuse joto la Kampala, tena ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini sakafuni kulifuata jiko la mkaa lililobandikwa maji ya kuchovyea rasta. Meza ya kucha ikae dirishani, mbali na jiko na mbali na mwenye kiberiti, na chupa zifunikwe.

Dirisha lina faida nyingine: hutoa nje mvuke wa akriliki. Kimiminika cha bei ya chini cha akriliki mara nyingi ni methili methakrilati, ambayo mamlaka za Marekani zilianza kuipiga vita kwenye kucha tangu miaka ya 1970. Huhitaji maabara kuishuku: harufu yake ni kali ajabu, na kucha zake hazilainiki hata ukiziloweka kwenye asetoni muda mrefu. Zikigonga mlango wa teksi, akriliki haivunjiki. Kinachong'oka ni ukucha wako mwenyewe.

Je, wajua kwamba umeme ukikatika, fundi wa kucha ndiye anayeendelea kula? Kikaushia nywele cha kofia hutumia takribani wati 1,000. Taa ndogo ya kukaushia rangi ya jeli hutumia wati 36 au 48, na zipo za betri. Akriliki haihitaji taa kabisa, hujigandia yenyewe.

Taa hiyo ya jeli ina ukoo wa kushangaza. Ulaya kuna saluni za kulala ndani ya taa ili ngozi iwe nyeusi kidogo, na mwaka 2009 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliziweka taa hizo kundi moja na tumbaku. Kampala iko kilomita 35 hivi kutoka mstari wa ikweta, nani atalipia jua? Hata hivyo mwanga wa jamii ileile umeingia kwa mlango wa jeli. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa seli zilizomulikwa maabara kwa dakika 20 zilikufa kwa asilimia 20 hadi 30. Seli za kwenye sahani si mkono wa mtu, lakini glavu zilizokatwa ncha ni za bei rahisi.

Kuna kisanduku kingine cha mwanga wa buluu ambacho vifaa hulazwa ndani ili mteja aone usafi. Hakitakasi mkasi wenye damu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huishi nje ya mwili angalau siku 7, na Uganda ina watu wengi wanaokibeba: uchunguzi wa kitaifa wa 2016–2017 ulikikuta kwa zaidi ya asilimia 4 ya watu wazima. Vifaa vya chuma vioshwe kwa sabuni kwanza, kisha viingie kwenye mtungi wa mvuke kama ule wa hospitali. Tupa za karatasi ni za mteja mmoja. Mpe aende nazo nyumbani.

Si kila mteja atataka rangi: Waislamu wengi wataomba hina, kwa kuwa rangi huzuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha na hina haizuii.

Na hesabu ya mwisho ni ya mwenye saluni. Ukucha wa mkono hukua milimita 3 na ushei kwa mwezi, hivyo pengo la jeli huonekana baada ya wiki mbili au tatu. Rasta hukaa mwezi hadi miwili. Mteja yuleyule wa nywele anaweza kupita mlangoni mara mbili zaidi kabla ya kusuka tena.