Unene wa Herufi si Kichwa!

Jamani, Word itakutoa jasho! Juzi mwanachuo kaniletea ripoti ya kurasa 90, imebaki saa moja aikabidhi. Arekebishe sura ya nne, lakini iko wapi? Tukateremka mpaka kidole kikauma. Nikabonyeza Ctrl+F, kidirisha kikafunguka kushoto, nikabofya sehemu ya vichwa: patupu! Dada wa watu machozi yanamlenga.

Kumbe vichwa kaviandika kwa herufi nene tu. Kwa Word hayo ni maandishi kama mengine. Nikabofya kila kichwa cha sura na kubonyeza Ctrl+Alt+1. Basi bwana, sura zote zikajipanga kidirishani! Ukibofya moja, umefika.

Na ukipotea, Shift+F5 inakurudisha ulipoandika mara ya mwisho. Ripoti iliwahi, dakika kumi mkononi.