Mbele ya kuchapa, pima herufi kwanza

Bunia, mialiko ya ndoa, banderole za kanisa na vitabu vya kusomesha vinatengenezwa kila siku kwenye kompyuta. Kwa Kifaransa ao Kiswahili, karibu kila aina ya herufi inafaa. Kwa Kingiti, lugha ya kusini mwa Irumu, haiko vile. Kingiti iko na vokali tisa, na mbili kati yao zinaandikwa ɨ na ʉ. Aina nyingi za herufi za urembo hazina alama hizo: kompyuta inaweka kisanduku kitupu, na jina la marehemu linaharibika mbele ya familia yake.

Basi usitazame mfano wa ABC tu. Andika palepale majina yenyewe, pamoja na alama za toni, kisha ukuze uone. Charis SIL, Gentium na Andika zinabeba herufi hizo zote, tena ni za bure. Andika ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma.

Ukipeleka kazi kwa mchapaji, tuma PDF yenye kubeba herufi ndani yake. Kompyuta yake pengine haina zile zako.