Kabla ya kuonja wiski ya rai, isome chupa

MKULIMA wa Njoro, Molo au Mau Narok akiulizwa kuhusu nafaka, atataja ngano, shayiri na mahindi. Ni nadra ataje rai. Hata hivyo, nafaka hiyo ya kigeni ina uhusiano wa miaka mingi na mashamba ya eneo hili, na siku hizi jina lake huonekana kwenye chupa za wiski ya Kimarekani katika baadhi ya maduka makubwa ya pombe nchini.

Msomaji asiichanganye na rai yenye maana ya maoni. Rai tunayoizungumzia hapa ni nafaka ya jamii moja na ngano na shayiri, yenye shina refu na punje nyembamba. Hustahimili baridi kali na udongo hafifu, ndiposa wakulima wa Ujerumani na Ulaya Mashariki wameipanda kwa karne nyingi na kuoka mkate mweusi kutokana na unga wake.

Huko Njoro, rai ilibisha hodi kwa njia ya sayansi. Watafiti wa mbegu duniani waliwahi kuchukua kipande cha kromosomu ya rai na kukiingiza katika ngano, kwa sababu kilibeba jeni inayoitwa Sr31, ambayo iliikinga ngano dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina. Kinga hiyo ilienea katika mashamba ya mataifa mengi. Kisha mwaka wa 1998 aina mpya ya kutu ikagunduliwa nchini Uganda, ikapewa jina Ug99, na ikaivunja.

Tangu hapo, kituo cha utafiti cha Njoro, kilicho chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, kimekuwa mahali ambapo maelfu ya aina za ngano kutoka pembe zote za dunia hupandwa ili ibainike zipi zinaweza kustahimili kutu hiyo. Mwaka wa 2005, Norman Borlaug, mwanasayansi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1970, alikuwa miongoni mwa waliouonya ulimwengu kuhusu hatari hiyo.

Wiski ya rai ni nini?

Wiski yoyote huanza kwa nafaka, maji na hamira. Nafaka husagwa na kupikwa, kisha huachwa ichache hadi sukari yake igeuke kuwa pombe. Mchanganyiko huo huchemshwa, mvuke wake hupozwa, na matone yanayopatikana huwa ndiyo pombe kali. Hadi hapo, hatua hizi hazitofautiani sana na zile za mpishi wa chang'aa. Tofauti imo katika nafaka, usafi, vipimo na subira.

Sheria ya Marekani inaagiza kwamba wiski ya rai iwe na angalau asilimia 51 ya nafaka hiyo. Kiasi kinachosalia aghalabu huwa mahindi na kimea cha shayiri. Pombe hiyo isikenekwe kupita asilimia 80 ya kileo, na inapotiwa katika pipa isizidi asilimia 62.5. Pipa lenyewe lazima liwe jipya, la mti wa mwaloni, na liwe limechomwa kwa moto upande wa ndani. Wakati wa kutiwa katika chupa, wiski isipungue asilimia 40.

Kuchomwa kwa pipa kuna sababu. Moto huamsha sukari na harufu zilizofichika ndani ya mbao, na mkaa husaidia kuondoa ladha chafu. Pombe huingia pipani ikiwa nyeupe kama maji na hutoka ikiwa na rangi ya asali au ya chai ya rangi. Anayedhani rangi hiyo ni ya nafaka anakosea, kwa kuwa hutoka kwenye mbao.

Historia yenye mafunzo

Wahamiaji wa Kijerumani na Kiskoti waliotua Pennsylvania na Maryland walikuta rai ikistawi vizuri. Kwa waliolima magharibi mwa milima, kusafirisha magunia ya nafaka hadi sokoni kulikuwa gharama kubwa, na mzigo wa wiski juu ya farasi ulikuwa na thamani zaidi ya mzigo wa nafaka. Mkulima wa Mau Narok aliyewahi kuona lori likikwama matopeni na mazao yake ataelewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Serikali ilipotoza wiski ushuru mwaka wa 1791, wakulima hao walikasirika, na kufikia 1794 ghadhabu ikawa uasi. Rais George Washington alikusanya maelfu ya askari kuuzima. La kushangaza ni kwamba mnamo 1797 Washington mwenyewe, akiwa amestaafu, alianza kukeneka wiski katika shamba lake la Mount Vernon, rai ikiwa nafaka kuu. Mwaka wa 1799 kiwanda chake kilitoa karibu galoni 11,000, yaani zaidi ya lita 40,000.

Lakini kadiri biashara ilivyonoga ndivyo walaghai walivyoongezeka. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wengi waliuza pombe ghafi iliyotiwa rangi na viungo ili ionekane kuukuu. Mwaka wa 1897 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoruhusu chupa kubeba dhamana ya serikali, mradi wiski iwe imetoka kwa mkenekaji mmoja katika msimu mmoja, imekaa ghalani kwa angalau miaka minne chini ya uangalizi wa serikali, na ina asilimia 50 ya kileo.

Kisha ikaja marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933. Viwanda halali vilifungwa, lakini kiu haikufungwa. Watu walikunywa pombe ya viwandani iliyokuwa imetiwa methanoli kwa makusudi ili isinyweke, na wengi wakafa au kupofuka.

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali kupata mfano. Chang'aa ilipigwa marufuku rasmi mwaka wa 1980, lakini upishi ukaendelea mafichoni. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walifariki jijini Nairobi, wengi wao katika mtaa wa Mukuru, baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Wengine walipoteza uwezo wa kuona.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyopata umaarufu kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, iliondoa marufuku hiyo na kuagiza kwamba chang'aa itengenezwe kwa leseni, ifikie viwango na iuzwe katika chupa. Hata hivyo, upishi wa vichochoroni haukukoma. Mnamo Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 maafa kama hayo yakaikumba Kirinyaga.

Namna ya kuonja

Kuonja si kulewa. Mililita 30 zatosha kabisa, na tumbo lisiwe tupu. Chagua bilauri ndogo iliyobana mdomoni, kwa sababu hukusanya harufu. Usitie barafu mwanzoni, kwani baridi huzima harufu, wala usitie soda, ambayo huficha kila kitu.

Anza kwa macho. Inamishe bilauri na uangalie rangi. Kisha nusa, lakini usichomeke pua ndani kama anayenusa mchuzi; kileo kitaichoma na hutasikia jambo jingine. Iweke bilauri karibu na kidevu, ufungue mdomo kidogo, na uvute pumzi taratibu.

Hapa ndipo rai hujitambulisha. Wiski ya mahindi hunukia utamu wa vanila na sukari iliyoungua. Ya rai nayo huleta pilipili manga, karafuu, mdalasini, na wakati mwingine mnanaa au nyasi kavu. Aliyezoea chai ya viungo tayari anazo nyingi za harufu hizi kumbukumbuni mwake.

Funda la kwanza liwe dogo mno, la kuuzoesha ulimi. La pili lizungushe kinywani kwa sekunde chache kabla ya kumeza. Utasikia utamu kwanza, kisha ukali wa viungo pembeni mwa ulimi, na mwisho ukavu unaotokana na mwaloni. Baada ya kumeza, subiri uone ladha inayobaki ni ya muda gani na ni ya nini. Hatimaye ongeza matone machache ya maji, unuse tena. Mara nyingi harufu zilizokuwa zimejificha hujitokeza.

Fahamu pia kwamba rai si moja. Ya Kentucky mara nyingi huwa na kiasi kidogo tu kupita asilimia 51, hivyo huwa laini. Nyingi zinazotoka Indiana zina asilimia 95, na ukali wake ni dhahiri. Nchini Kanada, neno hilo hutumiwa hata kwa wiski yenye rai kidogo sana.

Utaratibu huu wa polepole si mgeni kwetu. Wazee waliokunywa muratina kwa pembe, au busaa kwa mirija kutoka chungu kimoja, hawakuwa na haraka. Kinywaji kiliandamana na mazungumzo, na kijana hakuruhusiwa kukigusa ovyo.

Ulimi una mipaka

Onyo moja ni muhimu kuliko yote. Hakuna ustadi wa kuonja unaoweza kugundua methanoli. Harufu na ladha yake hukaribiana mno na za kileo cha kawaida, na hata mwonjaji hodari anaweza kuimeza bila kushuku.

Kwa hivyo ichunguze chupa kabla ya kuifungua. Tazama kama kifuniko kimechezewa, kama maandishi yana makosa ya tahajia, na kama kuna stempu ya ushuru. Mamlaka ya Ushuru, KRA, ina programu ya simu iitwayo Soma Label inayomwezesha mnunuzi kuikagua stempu hiyo. Bei iliyo chini kupita kiasi nayo ni dalili tosha ya kumfanya mtu aondoke dukani.

Dalili za sumu ya methanoli zaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24. Maumivu ya tumbo, kutapika, kuhema kwa shida na macho kuona ukungu si uchovu wa pombe wa kulazwa nyumbani. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja, kwani tiba ipo na kila saa ina uzito.

Mwisho, aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kisheria kuuziwa pombe, mja mzito asinywe, na dereva asionje hata funda. Barabara ya kutoka Nakuru kuelekea Eldoret kupitia Salgaa imeua watu wengi mno.