PROGRAMU YA HESABU NA HAKI YA MWANACHAMA KUISOMA

Chama cha ushirika kinapohamisha hesabu zake kutoka kwenye leja na kuzitia katika kompyuta, swali la kwanza aghalabu huwa ni bei ya mashine. Lipo swali jingine lililo zito zaidi. Kanuni ya kukokotoa malipo ya mkulima, iliyokuwa ikionekana wazi katika safu za leja, sasa imeandikwa wapi, na ni nani awezaye kuisoma? Swali hili lilimshughulisha Grace Hopper wa Marekani, mmoja wa watunzi wa mwanzo wa programu, na maoni yake yafaa kufahamika na kila katibu.

Hopper alizaliwa mwaka 1906 na kusomea hisabati. Mwaka 1944, akiwa katika Jeshi la Wanamaji, alianza kazi kwenye mashine kubwa ya kukokotoa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Siku zile programu ziliandikwa kwa tarakimu na alama tupu. Mhasibu aliyetaka kujua jinsi mishahara ilivyokokotolewa hakuwa na la kufanya ila kumwamini fundi. Aidha, programu iliyotungwa kwa ajili ya mashine ya aina moja haikufaa kwa mashine ya aina nyingine.

Maoni ya Hopper yalikuwa kwamba watu wa biashara hawakupendezwa na alama za hisabati, bali walikuwa na maneno yao wenyewe. Hivyo programu za biashara ziandikwe kwa maneno hayo, na kazi ya kuyageuza kuwa tarakimu ifanywe na kompyuta yenyewe. Alijibiwa kwamba kompyuta haifahamu Kiingereza. Lakini mashine haihitaji kufahamu. Kila neno kwake ni alama tu iliyopangiwa kazi. Hopper aliandaa programu ndogo ya mfano kwa Kiingereza, kisha akabadili maneno yakawa ya Kifaransa na ya Kijerumani. Kama alivyosimulia baadaye, wakuu wake walifadhaika badala ya kufurahi.

Juhudi zake zilileta lugha ya FLOW-MATIC, nayo ikawa msingi mkubwa wa COBOL, lugha ya programu za biashara iliyoanza kutungwa mwaka 1959 na kamati ya wajumbe kutoka makampuni na idara za serikali. Desemba 1960, programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine za makampuni mawili tofauti.

Kama maneno ya COBOL yangekuwa ya Kiswahili, amri zake zingesomeka hivi:

ZIDISHA KILO KWA BEI UPATE MALIPO-GHAFI.
TOA MAKATO KATIKA MALIPO-GHAFI UPATE MALIPO-HALISI.

Mjumbe wa kamati ambaye hajapata kugusa kompyuta aweza kuona hapa kama makato yametolewa mara moja au mara mbili.

Ubora mwingine wa COBOL unahusu senti. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika hesabu hiyo sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. COBOL humwezesha mtunzi kutaja idadi ya tarakimu za shilingi na za senti, na fedha zikahesabiwa kwa desimali. Kosa la senti moja kwa kila stakabadhi, katika stakabadhi 6,000, ni shilingi 60. Kiasi ni kidogo, lakini hesabu hazitalingana, na mkaguzi atadai maelezo.

Hata hivyo maneno yanayosomeka hayatoshi. Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na zilirekebishwa kwa gharama kubwa kabla ya mwaka 2000. Aprili 2020, maombi ya msaada wa watu waliokosa kazi yalipoongezeka, gavana wa jimbo la New Jersey aliomba hadharani watu wanaoijua COBOL wajitolee kusaidia. Programu zilikuwapo, lakini wenye kuzijua walikuwa wamepungua.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba wa programu, chama chapaswa kuhakikisha mambo haya:

(a) Kanuni za malipo na makato zimeandikwa kwa Kiswahili na kuhifadhiwa ofisini.

(b) Fedha zinahesabiwa kwa desimali, na namna ya kukadiria senti imekubaliwa.

(c) Kumbukumbu za wanachama zaweza kutolewa na kuhamishiwa katika programu nyingine bila idhini ya muuzaji.

(d) Watu wasiopungua wawili chamani wanaijua kazi hiyo.

Mkulima anayehoji malipo yake ana haki ya kuonyeshwa hesabu. Katibu anayemjibu kwamba ndivyo kompyuta ilivyosema hajamjibu.